Mnazi Wako, Ardhi ya Nani?

Maneno haya, juu ya kumiliki wenyewe tovuti za biashara zetu, niliyasema Jambiani, Unguja, kwenye ukumbi wa skuli, baada ya sala ya laasiri. Waliokuwepo ni wenye nyumba za wageni, manahodha, kinamama wa mwani, mafundi cherehani na wenye maduka. Nayaweka yote hapa kwa wale walionipigia simu kwamba siku ile walikuwa Mjini au baharini.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha wetu, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa kukosa viti: ahsanteni kwa kuja. Najua wapo walioacha wageni barazani. Nitajitahidi adhana ya magharibi isitukute hapa.

Nimeombwa nizungumze juu ya tovuti za biashara zetu, vipi tuzimiliki na tuzishike sisi wenyewe. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nina vyumba saba, jiko, na mkwe anayenisaidia kupokea wageni. Lakini katika jambo hili nilipata hasara, hasara ikanilazimisha kuuliza na kusoma, na nilichokipata huko ndicho nilichokuja nacho leo.

Nianze na suali. Ukipanda mnazi juu ya ardhi ya mwenzako, mnazi huo ni wa nani?

Nawasikia: wa aliyepanda. Sawa kabisa. Hapa Unguja na Pemba tangu enzi za wazee mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu anaweza kuuza mikarafuu yake kumi na ardhi iliyo chini yake isiguswe. Haya, na siku mwenye ardhi akiitaka ardhi yake? Au akifa, warithi wake wasikujue wewe ni nani? Unaondoka na mnazi umeubeba begani?

Mbona mmenyamaza?

Sasa niwape kisa changu. Mwaka 2013 nilikuwa na vyumba vitatu tu. Kijana mmoja, mtoto wa jirani yetu wa Mjini, akaniambia: "Shangazi, siku hizi bila ya tovuti mgeni hakuoni." Akanitengenezea, na wallahi alifanya kazi nzuri. Picha za bahari asubuhi maji yamekupwa, picha ya mkate wa kumimina na chai ya mchaichai, bei za vyumba, ramani ya kufikia. Nikamlipa shilingi laki tatu. Kila mwaka nikawa namtumia fedha za kulipia mtandao, naye analipia huko kunakolipiwa. Wapi? Sikuuliza. Kwa jina la nani? Sikuuliza. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Kijana yule hakuniibia hata shilingi.

Akapata kazi Muscat. Akabadilisha namba ya simu, na imeli ile ya zamani akaacha kuifungua. Mwaka wa kwanza akakumbuka kunilipia. Wa pili akakumbuka. Wa tatu mkewe amejifungua, mtoto yuko hospitali, na barua za kumkumbusha zikawa zinaingia kwenye imeli isiyo na msomaji.

Ilikuwa Julai, siku za Mwaka Kogwa, nyumba imejaa. Usiku nimekaa nje ya jiko nakata vitunguu vya pilau ya kesho yake. Mgeni wangu mmoja, Mjerumani, akaja na simu mkononi. Hakusema kitu, akaninyooshea tu. Juu kabisa ya kioo limeandikwa jina la nyumba yangu, herufi kwa herufi, jina nililolichukua kwa bibi yangu mzaa mama. Chini yake mashine za kamari, msichana nusu uchi, na kitufe chekundu cha kumwambia mtu aweke dola kumi. Bibi yangu, jamani! Bibi aliyekuwa akisomesha watoto juzuu ya Amma chini ya mwarobaini. Nilibaki na kisu mkononi, sijui nikiweke wapi.

Mgeni yule alikuwa mtu wa adabu. Alichotaka kujua ni kama tovuti yangu imevamiwa na wezi wa mitandaoni. Baadaye nilipoelewa, ndipo nilipoumia zaidi, kwa sababu haikuvamiwa. Hakuna aliyevunja mlango. Jina lilimaliza muda wake, halikulipiwa, likarudi sokoni, na mtu wa mbali akalinunua kwa njia ya halali. Alilitaka kwa sababu lilikuwa na umri, na kurasa nyingi za watalii zilikuwa zikilitaja. Wapo watu kazi yao ni hiyo, wana programu zinazovizia majina kama hayo usiku na mchana.

Ndugu zangu, sisi tunasema "tovuti" kama kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu. Kuna jina, hilo ambalo vijana wanaliita domeni na vitabu vinaliita jina la kikoa. Kuna hostingi, yaani kompyuta ya kukodi ambamo kurasa zako zinakaa saa zote. Na kuna kurasa zenyewe: maneno, picha, bei. Kurasa ndiyo minazi. Zikiharibika zinapandwa tena. Hostingi ikikukera unahama, wageni wala hawatajua. Lakini jina ndiyo ardhi. Jina limeandikwa kwenye kibao cha barabarani, kwenye vitabu vya watalii, kwenye simu za wageni waliokuja miaka kumi iliyopita na wanaotaka kurudi na watoto wao. Jina likikutoka, yote yaliyosimama juu yake yamekutoka.

Na kama ilivyo kwa ardhi yetu hapa Zanzibar, ambayo kwa sheria ni ya umma na sisi tunapewa haki ya kuitumia, hata jina hulimiliki moja kwa moja. Unapewa haki ya kulitumia kwa muda unaoulipia. Kwa majina yanayoishia na .com, unaweza kulipia mwaka mmoja hadi miaka kumi, haizidi hapo. Anayekuuzia anaitwa msajili, naye ana kibali cha taasisi inayoitwa ICANN, iliyoundwa Marekani mwaka 1998 kusimamia majina ya intaneti duniani. Majina yetu ya .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Huko kuna .co.tz ya biashara, na kuna .hotel.tz, ambayo wengi wetu wenye nyumba za wageni hatuijui kabisa.

Mzee wangu mmoja pale mbele alinambia kabla hatujaanza: "Mimi sina wasiwasi, jina langu nimelisajili BPRA, kwa wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar." Mzee wangu, umefanya la maana, na asiyesajili biashara yake aende akasajili. Lakini daftari la BPRA ni moja na daftari la intaneti ni jengine. Hayazungumzi. Cheti cha BPRA kinaweza kuning'inia ukutani kwako, na wakati huo huo jina lile lile likawa mikononi mwa mtu ambaye hajui hata Zanzibar iko bahari gani.

Sasa sikilizeni hesabu ya siku, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Jina la .com likimaliza muda halifi siku ile ile. Msajili anaweza kukuvumilia, wengine siku chache, wengine hadi siku 45. Baada ya hapo kuna siku 30 za kulikomboa, na ukombozi unalipiwa mara kadhaa ya bei ya kawaida. Kisha siku tano, ambazo hata uje na magunia ya fedha hupokelewi. Siku ya sita jina liko sokoni, wa kwanza kufika ndiye mwenye nalo. Jumla yake haizidi siku 80. Mimi niliamka jina limeshapita kote huko.

Msidhani hili ni la sisi masikini peke yetu. Desemba 1999 Microsoft, kampuni miongoni mwa tajiri kuliko zote duniani, ilisahau kulilipia jina la passport.com, ambalo watu wa Hotmail walikuwa wakipitia kuingia kwenye imeli zao. Watu wakafungiwa nje siku za Krismasi. Aliyewaokoa ni mtengeneza programu mmoja wa Marekani, aliyetoa kadi yake mwenyewe akalipa dola 35. Dola thelathini na tano!

Niliuliza kama naweza kulidai jina langu. Nikaambiwa ndiyo, upo utaratibu wa kimataifa tangu mwaka 1999. Unapeleka shauri, uthibitishe kwamba una haki ya alama ya biashara, na kwamba yule mtu hana haki na jina na amelichukua kwa nia mbaya. Ukilipeleka kwa shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na uvumbuzi, WIPO, ada ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500. Hapo hujamlipa wakili. Mimi na vyumba vyangu saba nikarudi nyumbani, nikanunua jina jengine lenye kistari katikati, nikalipa dola 14. Kibao nimekipaka upya. Lakini vitabu vya karatasi havipakwi upya, na bado kila mwaka anatokea mgeni ananiandikia kwenye Facebook kuniuliza: vipi, mmefungua kasino?

Kwa hiyo la kwanza ni jina. Je, jina la biashara yako limeandikwa kwa nani? Usiniambie "fundi anajua". Nakuuliza wewe.

La pili ni ufunguo. Unaweza kuwa na ardhi kwa jina lako na bado ukalala nje.

Wengi hapa mnakumbuka Desemba 2009, umeme kutoka bara ulipokatika. Tulikaa gizani Unguja nzima mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mwaka mmoja na nusu kabla yake tulishakaa gizani karibu mwezi. Kwa nini? Kwa sababu kisiwa kizima kilikuwa kinaning'inia kwenye waya mmoja chini ya bahari. Sasa hebu kila mtu ajiulize: biashara yangu inaning'inia kwenye waya gani? Mara nyingi waya huo ni imeli moja na laini moja ya simu, na vyote viwili ni vya mtu mwengine.

Jina likisajiliwa, msajili anaandika imeli ya mwenyewe. Kila kitu kinapita hapo. Ukumbusho wa kulipia unapita hapo. Kubadilisha neno la siri kunapita hapo. Hata mwanzo kabisa, ukisajili .com hupewi zaidi ya siku 15 kuthibitisha imeli hiyo, la sivyo jina linasimamishwa. Mwenye imeli ndiye anayetambulika. Ukienda kulia kwamba biashara ni yako, watakuuliza imeli.

Na hapa kuna mtego ambao umewanasa hata waliojiona wajanja. Ndugu mmoja mwenye maboti ya kupelekea wageni kuogelea alihakikisha jina liko kwake. Ahsante. Imeli aliyoandikia ilikuwa ile ya biashara, yenye jina lile lile la tovuti mwishoni. Ilionekana ya heshima. Siku kadi yake ya benki ilipomaliza muda malipo yakakataliwa, jina likazimwa. Jina lilipozimwa, imeli nayo ikazimika, maana ilikuwa inakaa juu ya jina hilo hilo. Akabonyeza pale pa kusahau neno la siri. Barua ya kumsaidia ikatumwa wapi? Kwenye imeli iliyozimwa. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Alihangaika siku kumi na nane, na picha ya pasipoti na risiti za zamani, mpaka akafunguliwa. Basi imeli ya kusajilia iwe ya pembeni, ya bure ya kawaida inatosha, yako wewe, isiyotegemea jina lile.

Simu nayo. Ile namba inayopokea tarakimu za kuthibitisha iwe laini iliyosajiliwa kwa jina lako na inayotumika. Laini ikiachwa miezi hufungwa, na namba hupewa mtu mwengine. Fundi wako akiacha laini yake, tarakimu za biashara yako zinaweza kuingia kwa mtu wa Shinyanga.

Sasa nataka kusema jambo zito kidogo, na naomba mniwie radhi wenye msiba. Alifariki jirani yetu mmoja, mtu wa watu, Mungu amrehemu. Alikuwa na nyumba ya wageni na kila kitu alikishika mwenyewe: jina lake, imeli yake, laini yake. Alifanya yote ninayowaambia. Mkewe akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Watu wakaja na mikeka, wakasoma hitima, wakachangia mchele. Nani atamuuliza mjane habari ya domeni? Simu ya marehemu ikazimwa ikawekwa kabatini, ndani ya kanzu zake. Jina likamaliza muda wiki ya tatu ya eda. Zile siku 80 nilizowahesabia hazifiki eda. Mama yule alipotoka eda na kutaka kuendeleza kazi ya mumewe, jina lilikuwa limeshaondoka.

Kwa hiyo andikeni. Chukueni daftari la kawaida, lile la mistari. Jina la msajili, imeli, siku ya kulipia, namba ya simu, neno la siri. Litieni kwenye bahasha, liwekeni pale inapokaa hati ya nyumba na vyeti vya watoto. Mwambieni mtu mmoja wa ndani mnayemwamini. Katika mirathi tunagawa mpaka sufuria. Hili nalo ni mali.

La tatu, kuishi juu ya ardhi ya kuazima. Najua vijana mnaniambia: "Mama, tovuti ya nini, Instagram ipo." Ipo, na nami naitumia, na inaniletea wageni. Lakini mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021? Tangu baada ya magharibi mpaka karibu saa saba usiku, Facebook, Instagram na WhatsApp zote kimya, dunia nzima, kwa sababu ya amri moja iliyokosewa kwenye matengenezo yao wenyewe. Yalikuwa masaa sita tu. Mimi usiku ule nilikuwa na wageni wawili njiani kutoka uwanja wa ndege, dereva hana namba zao ila kwa WhatsApp.

Na kuna kikundi kimoja cha kinamama wanaotengeneza sabuni ya mwani. Siwataji, wenyewe wamo humu na wamenipa ruhusa. Google ilikuwa ikitoa kurasa za bure kwa biashara ndogo, anwani yake ikiishia na business.site. Wakafunguliwa ukurasa, mzuri, bure. Wakaenda Mjini wakachapisha lebo za sabuni, anwani ile imeandikwa chini ya jina. Machi 2024 Google ikazifunga kurasa zote hizo. Mpaka tarehe 10 Juni mtu akibonyeza alikuwa akipelekwa kwenye alama inayoonyesha biashara hiyo kwenye ramani za Google, na baada ya siku hiyo hakuna kitu. Google haikuwadhulumu, ilitangaza. Ilikuwa ardhi yake, imeitaka. Nilifika nyumbani kwa mwenyekiti wao usiku, nikawakuta wamekaa duara kwenye mkeka, taa moja katikati, makasi na gundi, kila mmoja ana rundo lake la sabuni, wanabandika kikaratasi cheupe juu ya anwani ile. Moja moja. Mikono ile ile iliyokuwa majini mwambani tangu alfajiri. Nilikaa nikabandika nao, na kila sabuni niliyoishika nilijisemea: dola kumi na tano kwa mwaka ingetosha.

Na mawakala wa mitandaoni je, wale wa kuuza vyumba? Siwakatazi. Mimi mwenyewe nipo huko. Ila tupige hesabu. Booking.com kwa kawaida huchukua karibu asilimia 15. Mgeni wa chumba cha dola 60, siku tano, ni dola 300, na 45 si zako. Kamisheni ya mgeni huyo mmoja inalipia jina lako miaka mitatu. Mgeni wa kwanza aje kwa njia yao, hapana ubaya. Lakini akirudi mara ya pili, na dada yake akitaka kuja, awe na jina lako la kuandika akakupata wewe.

Ile alama yako kwenye ramani za Google pia ina mmiliki mkuu. Angalieni ni nani. Kama ni fundi, mwambieni awaongeze nyinyi kama wamiliki. Mmiliki mpya anasubiri siku saba kabla hajakabidhiwa umiliki mkuu, basi msingoje mpaka mgombane.

Juu ya kurasa zenyewe nitapita haraka. Muulize fundi amejengea nini. Kama ni WordPress, programu ya bure ya kujengea tovuti iliyopo tangu 2003, kurasa zako unaweza kuzibeba ukahama nazo: lile folda la wp-content, lenye picha, na hifadhidata yake, yenye maneno, viwili hivyo. Kama ni Wix, kampuni ambayo unajengea tovuti ndani ya mtandao wao, wenyewe wanasema wazi kwamba tovuti uliyoijenga kwao haiwezi kuhamishwa ikakae kwengine. Unaweza kukubali hivyo, ila ukubali ukijua. Na picha, msizichukulie kuwa ni zenu kwa kuwa mmelipia siku ya kupigwa. Zanzibar tunayo sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2003. Kubalianeni na mpiga picha kwa maandishi, mtazitumia wapi na kwa muda gani.

Nimefika kwa mafundi, na hapa nataka vijana wa mlangoni wanisikilize vizuri, maana wengi wenu ndiyo mafundi wenyewe.

Sikuja kuwasema vibaya. Bila ya nyinyi sisi tusingeonekana. Na najua mara ngapi mmelipia majina yetu kwa fedha zenu, mkatudai, tukawaambia "njoo Ijumaa". Najua kwamba mmeandika majina kwenye imeli zenu kwa sababu shangazi hana imeli, au anayo na hajui kuifungua, na kazi inatakiwa kesho. Mimi nilikuwa shangazi huyo. Kosa la kutouliza lilikuwa langu.

Lakini tuandikiane. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumza nini? Inatuamrisha tukikopeshana kwa muda maalumu tuandike, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na tushuhudishe mashahidi. Hawaambiwi hayo maadui. Wanaambiwa waumini, watu wanaoaminiana. Basi sisi tunaona haya gani kumwambia mtoto wa jirani: mwanangu, tuandike?

Yangu ya sasa ni karatasi moja, upande mmoja. Inasema jina limesajiliwa kwangu, kwa imeli yangu. Inasema risiti ya msajili inakuja kwangu. Fundi ana njia yake ya kuingia kwenye tovuti, kwa jina lake mwenyewe, na neno langu la siri halijui wala halihitaji. Kila miezi mitatu ananiletea nakala ya tovuti kwenye flashi, naiweka kabatini. Tukiachana ana siku saba za kukabidhi. Na imeandikwa pia malipo yake, na tarehe ya kumlipa, na kwamba nikichelewesha mwezi ana haki ya kusimamisha kazi. Ameisaini, nimeisaini, mkwe wangu na nahodha mmoja wakashuhudia. Kijana alipoisoma akaniambia hajawahi kupewa karatasi yenye tarehe ya kulipwa.

Kama jina lenu leo liko kwa fundi, msiende kwake na ukali. Nendeni na adabu, na deni lake mkononi kama lipo. Njia nyepesi ni yeye kubadilisha jina la mwenyewe na imeli pale pale kwa msajili. Njia ya pili ni wewe kufungua akaunti yako kwa msajili, yeye aombe tarakimu za siri za kuhamishia jina akupe. Kwa majina ya .com msajili anatakiwa azitoe ndani ya siku tano tangu kuombwa na mwenyewe. Jina lililosajiliwa karibuni kwa kawaida linasubiri siku 60 kabla ya kuhama. Fundi wangu wa zamani, yule wa Muscat, alinipigia mwenyewe aliposikia. Alilia kwenye simu. Nikamwambia mtoto vipi. Akasema anatembea.

Adhana imekaribia, naona mzee wa msikiti ananitazama.

Kesho asubuhi nitakuwa kibarazani kwangu, na mkwe wangu, na vijana wawili waliojitolea. Njooni na simu zenu. Tutafungua lookup.icann.org, tutaandika jina la kila mmoja wenu, na wenye .tz tutawaangalizia kwa msajili wao. Jina la mwenyewe mara nyingi mtaliona limefichwa, ni kawaida tangu mwaka 2018, lakini msajili ni nani na siku ya mwisho ni lini vitaonekana, na hivyo tutaviandika kwenye daftari. Madaftari nimenunua arubaini. Kinamama wa mwani, kesho maji yanakupwa asubuhi, najua mtakuwa mashambani. Nyinyi njooni baada ya laasiri, chai itakuwepo.